Jumla ya e^(inx) eti "ni sifuri kwengine kote"? Tusidanganyane

Masika yale nilikuwa nimekaa barazani Wete na redio yangu ya zamani, ile ya kuzungusha sindano, mvua inapiga kweli kweli, na kila radi ikimulika kule upande wa bahari redio inakwaruza krrah, nkahamisha stesheni, radi nyengine, krrah, nkahama tena mpaka mwisho wa sindano ambako hamna stesheni yoyote, krrah ile ile. Mtoto wa kaka yangu, yupo mwaka wa pili chuo, alikuwa kakaa pembeni na simu yake akanambia ami kwani hii radi inarusha stesheni gani mbona inasikika zote? Nkamwambia inarusha zote kwa pamoja. Akacheka, akaona ami yake kashazeeka.

Miezi imepita, usiku mmoja kanitumia picha ya daftari lake kwenye WhatsApp. Kuna mstari mmoja tu kauzungushia kalamu nyekundu (hiyo "delta" ichukulie kwa sasa kama kilele kirefu kisicho na upana, tutaifikia mbele):

… + e^(−2ix) + e^(−ix) + 1 + e^(ix) + e^(2ix) + … = 2π × (delta kwenye 0, na kwenye 2π, na 4π, na kurudi nyuma vile vile)

Chini yake kaandika: "Ami, tumeambiwa jumla hii ni sifuri kila mahali isipokuwa kwenye 0 na 2π na wenzake, huko ni infiniti. Mi nimeweka x = π kwenye kalkuleta haiji sifuri. Inakuja 1, nikiongeza inakuja −1, nikiongeza inarudi 1. Nimekosea wapi?"

Nkamjibu hukukosea popote, kalkuleta yako ndo mkweli, na mstari wa kwenye daftari nao ni kweli, kilichoharibika ni ile sentensi ya katikati ya "sifuri kila mahali". Alafu nkaongeza: ndo ile radi. Hakunielewa, na haki yake, mtu hawezi kuelewa kitu kama hiki kwa vijimeseji viwili, ndo nkaamua niandike yote hapa. Mimi nilisomesha fizikia skuli miaka kadhaa, saivi nafunga spika za maharusi, kwahiyo mkiona mifano inaegemea kwenye makelele mnisamehe.

Tuanze na hii e ya i mana watu wakiona i wanaingiwa na khofu bure. e^(iθ) ni mshale. Basi. Mshale wenye urefu wa 1 ulioelekea upande wa pembe θ, unaanza kuhesabu pembe kutoka mashariki unageukia kaskazini. Alichokionesha mwanahisabati Euler mwaka 1748 ni kuwa mshale huo umekwenda mashariki kiasi cha cos θ na kaskazini kiasi cha sin θ, na ile herufi i kazi yake ni kukukumbusha kuwa hii ya kaskazini usiichanganye na ya mashariki, kama unavyotenga fungu la dagaa na fungu la changu.

Ukishakubali kuwa ni mshale, kujumlisha mishale ni kutembea. Nenda Vumawimbi maji yakiwa yamekupwa, ule mchanga mgumu mrefu usioisha. Piga hatua moja kuelekea mashariki. Geuka kushoto kwa pembe x, piga hatua. Geuka tena kwa pembe ile ile x, hatua. Nyayo zako pale mchangani ndo jumla 1 + e^(ix) + e^(2ix) + e^(3ix) na kuendelea, na jibu la jumla ni pale uliposimama sasa hivi ukilinganisha na ulipoanzia. Hamna uchawi mwengine wowote.

Sasa fanya x iwe digrii 90. Hatua nne umechora mraba umerudi ulipotoka. x ikiwa digrii 60 unachora umbo la pembe sita, umerudi. x ikiwa 180 unakwenda mbele unarudi nyuma, mbele nyuma, kama mtu kasahau funguo. Punguza pembe, x iwe digrii 1 tu: utaona kama unakwenda moja kwa moja, hatua 10, hatua 20 hujashituka, lakini nyayo zinapinda pole pole na baada ya hatua 360 uko pale pale, umechora duara lenye kipenyo cha hatua kama 115. Digrii 0.01? Hatua 36,000, duara kubwa la kuchosha, lakini duara. Anaekwenda moja kwa moja mpaka akapotea machoni ni mmoja tu, yule ambae x yake ni sifuri kamili (na wa digrii 360, ambae anageuka mzima mzima kila hatua na kujikuta anatazama kule kule). Huyo hatua 1,000 ziko mbali na alipoanzia kwa hatua 1,000.

Mpaka hapa kuna kitu kishaonekana. Yule wa x = 0 anakimbilia infiniti, sawa. Lakini wengine wote, hakuna hata mmoja anaekwenda kutulia kwenye sifuri! Wanazunguka duara lao milele. Hawakimbii, hawatulii.

Upande wa n hasi (n ni ile namba iliyokaa na ix kwenye kila mshale, −1, −2 na kuendelea) ni mtu wa pili ambae wewe ukigeuka kushoto yeye anageuka kulia, ukienda kaskazini yeye anakwenda kusini kiasi kile kile, ukiwajumlisha kaskazini na kusini zinafutana, imebaki mashariki na magharibi tu. Ndo mana jumla kutoka −N mpaka N (N ni pale ulipoamua kusimama) inatoka namba ya kawaida isiyo na i:

1 + 2cos x + 2cos 2x + … + 2cos Nx

Na kuna njia ya kuifupisha ambayo ni ule mfululizo wa jiometri wa skuli. Jumla yote iite S. Izidishe kwa e^(ix), kila mshale unahamia kiti cha jirani yake. Toa S ya mwanzo, wa katikati wote wanafutana wanabaki wawili wa mwisho, mmoja kila ncha. Gawanya, panga panga kidogo, unapata

S = sin((N + ½)x) / sin(x/2)

Hii ndo kerneli ya Dirichlet, yule Mjerumani ambae mwaka 1829 ndie alietoa uthibitisho wa maana kuwa mfululizo wa Fourier, yaani kuijenga fanksheni kwa kujumlisha mawimbi ya sin na cos, kweli unafika unapotakiwa kufika, wakati Fourier mwenyewe tokea 1807 alikuwa anautumia kwenye mambo ya joto na wakubwa wa Paris wanamkunjia uso. Weka x = π, yaani digrii 180 (2π ndo mzunguko mzima): chini ni sin ya digrii 90 yaani 1, juu ni 1 au −1 kutegemea N ni shufwa au witiri. Ndo kile kilichomtoa jasho kijana. Weka digrii 90 unapata 1, 1, −1, −1, 1, 1… Weka digrii 120 unapata 1, 0, −1, 1, 0, −1… Hata ukifika N ya bilioni ni hivo hivo.

Kwahiyo ile alama ya sawasawa kwenye mstari wa daftari inasema nini?

Tazama grafu ya S. Katikati kwenye x = 0 kuna kilele chenye kimo cha 2N + 1. Kinateremka na kugusa sifuri kwa mara ya kwanza kwenye 2π/(2N + 1), huku na huku. N ikiwa 10 kimo ni 21 na kinagusa sifuri kwenye 0.299. N ikiwa 1,000 kimo ni 2001 na kinagusa kwenye 0.00314. Kinapanda na kubana, kinapanda na kubana. Lakini eneo lote chini ya grafu kutoka −π mpaka π halibadiliki hata kidogo, ni 2π siku zote, na sababu yake ni nyepesi: kila mshale isipokuwa ule wa n = 0 unapozungushwa x mzunguko mmoja mzima unapita pande zote sawa sawa na wastani wake ni sifuri, ule wa n = 0 peke yake ndo haugeuki na ndo unaoleta 2π yote.

Hapo mimi huwa nafikiria karafuu. Una kilo moja, unaianika kwenye jamvi. Ikusanye kwenye nusu ya jamvi, unene unakuwa mara mbili. Kusanya kwenye robo, mara nne. Endelea mpaka umebaki na mstari usio na upana wowote, unene huo hausemeki tena lakini ukiipeleka kwenye mizani ni kilo moja ile ile na mnunuzi atakulipa kilo moja. Delta ni ile kilo. Wanaosema delta "ni infiniti kwenye sifuri" wanakutajia unene, na unene peke yake haukwambii kitu, kilo mbili zikikusanywa vile vile nazo unene wake ni infiniti. Ndo mana ile 2π pale mbele ya delta si pambo. Ni kilo ngapi.

Ila mfano wa karafuu una kasoro na lazima niiseme. Karafuu haiwi hasi. Grafu ya S inazama chini ya sifuri, inapanda, inazama, na kilele cha katikati peke yake kina eneo la kama 1.18 ya lile 2π, yaani kimejichukulia zaidi ya haki yake kwa asilimia 18 na mabonde ya pembeni ndo yanakuja kurudisha. Ile ziada ndo inayofanya ukijenga mruko wa ghafla kwa mfululizo wa Fourier, mfano wimbi la mraba, kwenye ukingo linatokeza pembe inayozidi kwa karibu asilimia 9 ya mruko na haiishi hata uongeze mawimbi mpaka uchoke, inabana tu. Inaitwa kwa jina la Gibbs alieiandikia 1899, ingawa Wilbraham, Mwingereza, alishaiona 1848 na watu wakaisahau. Dunia hii.

Na kasoro ya pili ndo kubwa zaidi. Mbali na kilele, kule kwenye x = π na jirani zake, mawimbi madogo hayafi. Nimeshasema, ni 1 na −1 mpaka kiyama. Kinachotokea N ikikua ni kuwa yanabanana, kupanda na kushuka kunakuwa karibu karibu zaidi. Chukua mkeka wa ukindu uliosukwa kwa ukili mweusi na mweupe. Ukili ukiwa mpana unaona mistari, huu mweusi huu mweupe. Msukaji akitumia ukili mwembamba kama uzi na wewe ukasimama mlangoni, hauoni mistari tena, unaona kijivu. Mistari imeondoka? Haijaondoka, nenda kainame uitazame. Jicho lako ndo linachanganya weusi na weupe wa jirani likakupa wastani. Sifuri ya kwenye daftari ni kijivu cha namna hiyo, haipo mkekani, ipo kwa mtazamaji.

Na mtazamaji wetu hapa ni fanksheni yoyote laini, tuiite f. Zidisha f kwa jumla yetu, kisha fanya intigresheni, yaani tafuta eneo chini ya grafu, kutoka −π mpaka π. Kule mbali f haibadiliki sana ndani ya kijiwimbi kimoja, kwahiyo juu na chini vinafutana. Kwenye kilele hakuna kufutana, kilele chote kimesimama kwenye x karibu na sifuri, f pale ni f(0), unapata 2π × f(0). Alama ya sawasawa inasema hayo na haisemi zaidi: kila utakapoiuliza kwa kuipa f, itakujibu 2π f(0). Ukiitazama bila kuiuliza haikuahidi chochote.

Sasa ntakuonesheni kitu ambacho mimi nilipokiona niliacha chai ikapoa. Chukua f = cos 5x. f(0) ni 1, kwahiyo jibu linalotakiwa ni 2π. Iulize jumla yenye N = 1. Inajibu sifuri kamili, mana cos 5x na cos x hawajuani, ukizizidisha na kuzifanyia intigresheni mzunguko mzima zinafutana. N = 2, sifuri. N = 3, sifuri. N = 4, sifuri bado. N = 5, papo hapo 2π, kamili, si karibu na 2π, ni 2π yenyewe, na ukiendelea N = 6, N = 700, hakibadiliki tena kitu. Ni kama barza la watu, kila mmoja anaitikia jina lake tu. Mpaka aingie anaeitwa tano hakuna wa kuitika, akishaingia kaitika basi, wanaokuja baadae haiwahusu.

Na f yoyote ya kawaida kwa mujibu wa Fourier ni mchanganyiko wa hao hao, c₀ + c₁e^(ix) + c₋₁e^(−ix) na kuendelea, kila c ni kiasi cha mshale wake. Kila mshale wa kwenye jumla yetu unachota c yake mmoja na kuizidisha 2π. Ukishachota zote umepata 2π mara jumla ya c zote. Na jumla ya c zote ni nini? Weka x = 0 kwenye mfululizo wa f, mishale yote inakuwa 1, jumla ya c zote ni f(0). Yaani ule mstari wa kutisha wenye delta ni mfululizo wa Fourier ule ule alioufundishwa mwaka wa kwanza, kavishwa kanzu nyengine. Mtu akiuamini ule wa kwanza kashauamini na huu. Mimi naona kama wangeanza hapa wasingemuumiza mtoto wa watu kichwa na infiniti.

Delta yenyewe iliingia kwenye fizikia kupitia Paul Dirac mwishoni mwa miaka ya 1920, na yeye digrii yake ya kwanza ilikuwa ya uhandisi wa umeme pale Bristol, kwahiyo hakuwa mtu wa kuona haya kutumia kitu kinachofanya kazi kabla hakijapata cheti. Cheti kikaja kutolewa na Mfaransa Laurent Schwartz miaka ya 1940, akasema tuache kuiita fanksheni, tuiite kitu ambacho ukikipa fanksheni kinakurudishia namba, na kwa kazi hiyo akapewa medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, 1950.

Swali jengine alilouliza kijana ni kwanini delta zinajirudia kila 2π. Hilo rahisi, n zote ni namba nzima. Piga picha ya ngoma nyingi, mmoja anapiga mara 1 kwa mzunguko, mwengine mara 2, mwengine 3, mwengine 4, mpaka huko. Katikati ya mzunguko kila mmoja yuko na lake, ni vurugu tupu, lakini kila mzunguko ukianza upya wote wanashuka pamoja, DUM. Ile DUM ndo delta na haiwezi kutokea mara moja tu mana wote wana ahadi ya kukutana pale pale.

Na mnaoishi na bahari mnalijua hili vizuri kuliko wa chuoni. Maji kujaa na kupwa ni jumla ya mishale inayozunguka. Mshale mkubwa ni wa mwezi, unazunguka digrii 28.984 kwa saa, mzunguko mmoja saa 12.42. Wa jua unazunguka digrii 30 kwa saa, saa 12 kamili. Wakielekea upande mmoja ni bamvua, maji yanajaa mpaka ukutani na yanapokupwa kina mama wa mwani wanashuka mbali. Wakipingana ni maji mafu. Tafauti yao ni digrii 1.016 kwa saa, gawa 360 kwa hiyo unapata saa 354 na kidogo, siku 14.77, na ndo kila wiki mbili tunapata bamvua. Kwanini sasa bamvua si ukuta wa maji unaokuja dakika moja na kuondoka? Kwasababu mishale mikubwa ni miwili mitatu tu, na kilele cha mishale michache ni kipana, kinachukua siku kadhaa kupanda na kushuka. Bahari ingekuwa na mishale isiyo na idadi yenye nguvu sawa, maji yangelala kimya mwezi mzima alafu siku moja, Mungu atunusuru.

Hiyo habari ya upana ina upande wa pili ambao wapimaji wanaujua. Ukitaka kuitenganisha mishale hiyo miwili kutoka kwenye vipimo vya kina cha maji bandarini, vipimo vya siku mbili havitoshi hata viwe sahihi vipi. Muda wako ukiwa mfupi kila frikwensi inatoka kama kilele kinene na vilele viwili vinagandana, unahitaji kama siku 15 ndo viachane. Ni kerneli ile ile ya Dirichlet, imegeuzwa tu, saa zimekaa mahali pa n.

Turudi kwenye radi. Mstari wa daftari ukiusoma kutoka kulia kwenda kushoto unasema: kishindo cha nukta moja ya wakati kina mishale yote ndani yake, kila frikwensi, zote kwa nguvu sawa. Ndo mana radi ilinifuata kila nilikopeleka sindano. Radi ya kweli ina upana wake kidogo, si delta kamili, na nguvu zake zinapungua kadri frikwensi inavopanda, kwahiyo kule FM haikusumbui vile. Na ndo mana mimi nikiingia kwenye ukumbi mtupu kabla sijafunga spika napiga kofi moja kali katikati alafu nanyamaza nasikiliza. Wenye harusi wanadhani natafuta jini. Kofi limeupa ukumbi frikwensi zote kwa mpigo, kinachorudi kutoka kwenye kuta kinanambia ukumbi unapenda ipi na unaimeza ipi, ningezipiga moja moja ningelala pale.

Kwenye sauti ya dijitali ni delta hizo hizo zilizopangwa kama meno ya kitana: simu za kawaida za zamani zilichota sauti mara 8,000 kwa sekunde, CD mara 44,100, kila mchoto ni jino. Kitana cha wakati kwenye frikwensi nacho ni kitana, ndo mana sauti nzima inajirudia nakala nakala kila frikwensi 44,100, na mlio wa mitetemo 30,000 kwa sekunde ukiachiwa upite bila kuchujwa unajitokeza umevaa sura ya 14,100. Hilo lina makala yake, naliacha.

Nilibakiwa na deni moja. Nimesema yule wa kwenye mchanga hatulii kwenye sifuri. Sasa ile sifuri ilitoka wapi, watu wameiokota tu? Hapana. Mwaka 1900 kijana wa Hungaria wa miaka 20, Fejér, alisema usichukue uliposimama sasa hivi, chukua wastani wa sehemu zote ulizowahi kusimama. Pale x = π, wastani wa 1, −1, 1, −1 unakwenda sifuri. Kwenye digrii 120, wastani wa 1, 0, −1, sifuri. Na anaetembea duara, wastani wa sehemu zake zote ni kitovu cha duara. Vitovu vya wale watembeaji wawili, wa kushoto na wa kulia, ukivijumlisha na kutoa 1 ile ya kuanzia iliyohesabiwa mara mbili, unapata sifuri, kwa kila x isiyokuwa 0 wala 2π wala mwenzao. Sifuri ya daftari ni kitovu, mahali ambapo nyayo zinapazunguka.

Nimemtumia haya yote kijana kwa sauti, dakika kumi na moja, kimya siku mbili. Alafu kaja na mpya: "Ami nimeweka x = 0.001, N = 1,000, nimepata 1683! Hiyo ndo ya kuzunguka kwenye sifuri?" Nkamwambia kwa pembe hiyo duara ni hatua 6,283, wewe umetembea 1,000 tu, bado hujaona hata robo ya mzunguko. Akaweka N = 10,000, kapata −1089. Nkamwambia itaendelea hivo hivo kati ya −2000 na 2000 hata ukiacha simu ikahesabu mpaka wajukuu. Fanya wastani.

Kafanya wastani wa jumla 10,001 za mwanzo, kapata 368. Kanuna. Nkamwambia ongeza mpaka milioni, hapo wastani wako hauwezi kuzidi 4 hata iweje. Akaandika programu kwenye simu, ikamaliza chaji.